Kesi Dhidi ya Kipa Wetu

Kwa miaka mingi nilikuwa beki wa kati wa timu yetu ya Jumapili, kwa hiyo nina haki kuliko mtu mwingine yeyote Birmingham ya kusema kama kipa wetu alikuwa hodari kweli au tulimkuza bure. Wengine walimtazama kutoka pembeni, mikono mifukoni. Mimi nilicheza mbele yake. Karibu kila mpira aliouokoa, aliuokoa nyuma ya kosa langu. Hakuna shahidi aliyekuwa karibu zaidi, na hakuna aliyemtafutia kazi nyingi zaidi.

Hoja yangu ilikuwa kwamba tulimkuza. Niliitetea msimu baada ya msimu katika mgahawa wa Abdi kule Hockley, nikiwa na kikombe cha chai mkononi na matope magotini, na kila Jumapili nilishindwa. Kisha kipa akatangaza kwamba anastaafu. Watu wakapiga meza, wakapiga miluzi, na katikati ya kelele hizo akanigeukia.

"Hawa wote watanisifu," akasema. "Sifa zao nimezishiba. Nataka neno lako wewe, mtani. Siku ya kuniaga utasimama useme: nilikuwa kipa, au nilikuwa mlingoti uliovishwa glovu?"

Nitaeleza nilivyomjibu, maana kumjibu kulinichukua miaka. Lakini kwanza umjue mwenyewe.

Alikozaliwa na waliomzaa sitaviandika. Yeye mwenyewe hakupenda hadithi hizo. Inatosha kusema alikuwa Mnyamwezi, na mimi ni Mzaramo, yaani tulikuwa watani. Utani wa makabila yetu ni wa tangu enzi za misafara. Mtani wako anaruhusiwa kukutukana mbele ya wakwe zako, kuchukua nyama kwenye sahani yako na kuvuruga msiba wako, nawe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, umekosa wewe. Mimi nilimwita mpagazi, kwa sababu ya babu zake waliobeba mizigo hadi pwani. Yeye aliniita mcheza ngoma, kwa sababu ya babu zangu waliokaa pwani wakiwangoja na kucheza ngoma. Majina yetu halisi tuliwaachia wake zetu na watu wa idara ya kodi.

Alifanya kazi katika kiwanda cha mikate, upande wa tanuri, na mikono yake ilikuwa mipana, mikavu, yenye madoa ya kuungua hadi kwenye viwiko. Jumapili moja alisahau glovu zake nyumbani akaja na zile za kiwandani, nene kama godoro, za kushikia sinia za moto. Refa alimwuliza kama anakusudia kuudaka mpira au kuuoka. Hatukufungwa hata bao moja siku hiyo. Tangu hapo baadhi ya wapinzani waliamini glovu zile zimewekwa dawa, na yeye hakukanusha. Akija mshambuliaji mpya alikuwa akizinusa glovu zake polepole kabla ya mechi kuanza, huku akimtazama.

Uwanja wetu ulikuwa Castle Vale, mtaa uliojengwa juu ya uwanja wa ndege wa zamani, na nadhani hakuna aliyeuambia upepo wa pale kwamba ndege zimeshaondoka. Mpira wa juu ulipaa, ukasita, ukarudi ulikotoka. Mechi zilianza saa nane mchana, kwa sababu nusu ya timu walikuwa Wakongo na nusu ya hao walikuwa wanakwaya. Kwa muda wote wa mchezo kipa alipiga kelele. Alipanga mabeki, aliwaonya washambuliaji, alibishana na upepo wenyewe. Lakini akishavua jezi sauti iliisha. Mgahawani alizungumza chini chini hivi kwamba Abdi alilazimika kuinama juu ya meza ili kusikia anataka chai ya maziwa au ya rangi.

Alikuwa na misemo, yote ya kumfaa yeye. Aliopenda zaidi ni huu: "Bao linafungwa na watu kumi, linaokolewa na mmoja." Nilipomwuliza huyo mmoja ni nani, alijibu, "Usinilazimishe kujisifu." Hakuogopa daluga za mtu, alijitupa miguuni mwa washambuliaji kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kitanda. Lakini aliogopa mbwa. Na Castle Vale, Jumapili mchana, kila mtu anatembeza mbwa. Siku moja kijibwa kisichozidi ukubwa wa kiatu kiliingia uwanjani, kipa akakimbilia nyuma ya nyavu, na mpira uliopigwa bila nia yoyote ukabingirika hadi golini. Alinilaumu mimi. "Beki wa kati," akasema, "anakaba kila kinachoingia kwenye boksi. Hakuna mahali palipoandikwa lazima kiwe na miguu miwili."

Mimi ndiye niliyeandika taarifa za mechi. Nyumbani nilipata kuandikia gazeti kwa muda mfupi, nikaondoka na kitambulisho kilichoisha muda na kiburi kisichoisha. Birmingham nilikuwa nang'arisha pete katika karakana moja ya Hockley, lakini kila Jumapili jioni nilirudi kuwa mwandishi. Abdi alibandika taarifa zangu ukutani, chini ya bei ya sambusa. Niliamini nina jicho. Niliamini kwamba jambo likitokea mbele yangu, siwezi kulikosa. Msomaji aliyeniona nikicheza beki atajua kulikuwa na sababu ya kutilia shaka imani hiyo.

Sasa nifike kwenye mpira wenyewe, ule uliozaa ubishi wote.

Ilikuwa nusu fainali ya kombe la mtaa. Tulikuwa tunaongoza kwa bao moja, mchezo unakaribia kwisha, wapinzani wakapata mpira wa adhabu nje kidogo ya boksi letu. Tukajenga ukuta. Kazi ya mtu aliye ukutani ni kusimama; hata nguo kwenye kamba inaiweza. Mpigaji akaja mbio. Nikauona mpira ukitoka mguuni kwake, nikauona unanijia usoni, na mwili wangu ukafanya uamuzi bila kunishirikisha. Nikaruka pembeni nikaanguka. Mpira ukapita palepale kilipokuwa kichwa changu, kuelekea kona ya juu, na kipa, ambaye ukuta ulikuwa umemziba, alikuwa tayari hewani. Aliupangua kwa ncha za vidole. Ukagonga mwamba, ukatoka nje.

Uwanja mzima ulipiga kelele. Mimi nilikuwa chini nikitema majani, na kwa kuwa nilikuwa chini niliona kitu ambacho wengine hawakukiona. Kipa, akiwa hewani, hakuwa anautazama mpira. Alikuwa ananitazama mimi.

"Hakuuona," nilisema jioni ile mgahawani. "Umemgonga tu. Bahati."

Abdi, mwenye mgahawa, alikuwa pia winga wetu, Msomali aliyekulia Nairobi. Aliweka birika chini ili mikono yake iwe huru kwa mabishano.

"Buda, wewe ndio hukuona. Wewe ulikuwa umelala hapo chini kama mkeka!"

"Kabla ya kulala niliuona. Ndiyo maana nililala."

"Sikieni huyu! Anatoroka mpira, halafu anaketi kuandika ripoti! Walahi, hiyo save, hata kwa TV sijawahi ona."

"Alikuwa ananitazama mimi, Abdi. Si mpira."

"Kila mtu alikuwa anakuangalia wewe! Ulipiga nduru!"

Kipa alikoroga chai yake taratibu. "Mwacheni," akasema kwa sauti yake ya mezani. "Mzaramo hawezi kusimama bila ngoma. Siku nyingine tutaweka mpiga ngoma nyuma ya ukuta."

"Na wewe, mpagazi, babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani, wewe kuubeba mpira hadi mstari wa kati huwezi."

"Babu zangu walipofika pwani, mizigo waliikabidhi kwa babu zako. Haijaonekana hadi leo."

Hapo Mchungaji aliingilia kati, kama kawaida. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, meneja wa timu, na mtu mwenye funguo mbili zilizotuweka pamoja: ya ukumbi wa kanisa na ya buti ya gari lenye jezi. Alikuwa mwema kupita kiasi.

"Bandugu, pardon," akasema, akiweka viganja vyote viwili mezani. "Hii maneno si muzuri. Muko bakubwa. Kila siku munatukanana babu. Mutasameheana leo ao kesho?"

Tulimweleza utani. Tulimweleza mara nyingi. Alitikisa kichwa kwa huruma, kama daktari anayesikiliza wagonjwa wawili wakimwambia kwamba hawaumwi.

Na kwa kweli mambo aliyoyaona hayakumsaidia kutuelewa. Mama yangu alipofariki nyumbani sikuweza kwenda kumzika. Tulikaa matanga kwangu, Hodge Hill, katika sebule ambayo haikutosha hata viatu vya waombolezaji. Wakongo walikuja wakaimba kwa upole, na mimi nilikaa kwenye zulia bila machozi wala neno. Kipa akafika. Hakuvua viatu. Alijilaza chali mlangoni na sufuria kichwani, akaanza kulia kwa sauti ya uwanjani.

"Hatoki mtu, haingii mtu! Marehemu alinidanganya! Aliniahidi ana mwana anayejua kukaba! Nirudishieni magoli yangu yote, ndipo mzike!"

Hakuwahi kumwona mama yangu. Kwaya ilikatika katikati ya ubeti. Na mimi nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu simu ya msiba ilipolia, nikacheka mpaka kicheko kikageuka na machozi yakapata njia. Kipa alipoona hivyo aliinuka, akapeleka sufuria jikoni, akaosha vyombo vyote vya matanga, akaondoka bila kuaga. Lakini Mchungaji alikuwa ameona kile cha mlangoni tu. Cha jikoni hakukiona.

Katika misimu miwili ya mwisho sifa za kipa zilipanda kama mkate. Watu wasiojua timu yetu walikuja Castle Vale kumtazama. Na hapo ndipo mimi, kwa jicho langu la mwandishi, nilipoanza kukusanya ushahidi kwamba sifa hizo zimempanda kichwani.

Kwanza, aliacha kusalimia. Ukimjia kwa mbele aliitikia vizuri. Ukimjia kwa ubavuni ukasema "Habari za leo," alipita kama umeisalimia nguzo. Kwetu hilo si jambo dogo. Mtu anaweza kukunyima chakula mkaendelea kujuana, lakini salamu? Wakongo walilisema, Wakenya walilisema, hata Abdi alilisema, ingawa alimpenda. "Huyu star wetu siku hizi anaringa, eh?" Siku moja alimwekea chai upande wa kushoto, kipa akaipiga kikumbo kwa kiwiko ikamwagika yote, na hakuomba radhi hadi alipoambiwa.

Pili, aliuza gari. Alisema miguu inahitaji mazoezi, kisha akawa anapelekwa na kurudishwa na wenzake kama waziri.

Tatu, goti. Alianza kulalamika goti, na mimi, ambaye hakuna linalonipita, niliona kwamba Jumapili moja anachechemea mguu wa kulia, Jumapili nyingine wa kushoto. Nikajua anajitengenezea udhuru mapema, ili akifungwa tuseme ni maumivu.

La nne lilinichanganya zaidi. Mchungaji aliamua kuniweka benchi. Alikuwa amechelewa, meneja mwenye akili timamu angefanya hivyo mwaka wa kwanza. Alilisema kwa upole, na kwa Kifaransa, ili lisiniumize. Kipa alisikia jina la beki mpya, akavua glovu zake, akaziweka juu ya begi la jezi.

"Mcheza ngoma asipocheza, na mimi sichezi."

"Lakini papa," Mchungaji akasema, "yeye anakimbia mpira!"

"Najua. Mwacheni akimbie."

Nilirudishwa kikosini. Wiki ile nilitembea Hockley kama bwana harusi. Kisha jicho langu likafanya kazi yake, nikajiuliza: kwa nini kipa mwenye sifa kama zake amtake beki kama mimi? Nikapata jibu, na ndilo likawa msingi wa kesi yangu. Kipa anayetaka sifa anahitaji beki mbovu. Akikaa nyuma ya beki mzuri, atadaka nini? Umaarufu wake wote niliujenga mimi, kwa makosa yangu, na hata asante sijapewa. Niliisema hoja hiyo kwa Abdi. Aliweka birika chini.

"Kwa hivyo unasema yeye si mzuri, ni wewe mbaya."

"Ndiyo."

"Na hiyo ndio umeleta kujitetea nayo?"

Siku ya kumuaga, ukumbi wa kanisa ulijaa. Kulikuwa na wali, sombe, yaani kisamvu cha Wakongo, samaki wa kukaanga na sinia tatu za sambusa za Abdi. Kipa alikaa meza ya mbele na mkewe na binti yao, akiwa amevaa suti iliyombana mabegani. Kila aliyesimama alimsifu. Mmoja alimfananisha na simba, mwingine na ukuta, mwanakwaya mmoja na safina. Kipa aliitikia kwa kichwa, lakini niliona anangoja. Kila msemaji alipokaa, uso wake uligeuka kutafuta upande niliokuwa.

Nikasimama. Nikaenda hadi meza yake, nikachukua kipande cha samaki kwenye sahani yake, nikakila mbele ya watu. Hapo ukumbi ulianza kunong'ona. Nikajifuta vidole nikasema:

"Ndugu zangu, mmedanganywa. Huyu si simba, ni mpagazi aliyepotea njia ya msafara akajikuta amesimama golini. Ule mpira wa nusu fainali hakuuona. Nawaapia hakuuona! Goti lake linahama mguu kama mpangaji asiyelipa kodi. Na sifa mlizompa zimemjaa kichwani hadi salamu hazipati pa kuingilia. Tulimkuza. Tulimkuza sana. Na anapoondoka leo, ombi langu ni moja: arudishe mlingoti wetu tuliokuwa tukimwazima."

Nilingoja vicheko. Watanzania wachache wa meza ya nyuma walicheka, kisha wakaona wako peke yao wakanyamaza. Maneno kuhusu salamu yalikuwa yameingia mahali pabaya, kwa sababu kila mtu alikuwa ameyasema kisirisiri. Katika ukimya ule nilimsikia binti yake, mzaliwa wa Birmingham, akimwuliza mama yake, "Why is Uncle being so mean to Dad?"

"Hiyo ndiyo heshima," mama yake akamjibu. "Kula."

Mchungaji alikuwa ameshasimama. Machozi yalimlenga. Alitukamata mikono, mmoja huku mmoja kule, akatupigisha magoti mbele ya keki, akatuwekea viganja vichwani. Akaomba kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, kwamba roho ya chuki kati ya hawa bandugu wawili itoke leo, itoke sasa. Ukumbi mzima ukaitikia. Mabega ya kipa yalikuwa yanatikisika. Wanawake wa kwaya walipoona analia, nao wakaanza kulia. Mimi nilikuwa karibu naye na nilisikia: alikuwa anakufa kwa kicheko.

"Amina," akasema kipa ombi lilipokwisha, akipangusa macho. "Na Bwana amfundishe kukaba."

Tulikumbatiana, tukapigiwa makofi. Mchungaji aliamini hadi mwisho kwamba alitupatanisha, na hatukuwa na moyo wa kumnyang'anya ushindi huo.

Mlangoni, watu wakitoka, kipa alinishika mkono wa koti.

"Umetukana vizuri sana. Sijapata kutukanwa hivyo tangu nije nchi hii. Lakini swali langu hujalijibu."

"Nimesema tulikukuza."

"Hayo ni matusi. Hayo ni haki yangu na nimeyapokea. Nakuuliza jibu."

Alikuwa amesimama mbele yangu kabisa, ananitazama usoni kwa makini ya ajabu. Mtani hasifu, mtani akianza kukusifu, ujue watu wameshaagiza sanda. Nikamwambia sombe ilikuwa na chumvi nyingi, nikaenda zangu.

Baada ya hapo nilimwona mara chache, kisha sikumwona kabisa. Timu ilipata kipa kijana, ikapata beki mpya pia, na mimi nikahamia pembeni ya uwanja, mikono mifukoni. Ubishi uliendelea mgahawani bila mwenyewe. Niliendelea kusema tulimkuza, lakini niligundua kwamba kila nikisema, nasubiri sauti ya chini chini inijibu, na badala yake nasikia birika.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ilikuwa mchana, kituo cha basi cha Hodge Hill, mvua nyembamba ikinyesha. Nilimwona kwa mbali amesimama chini ya kibanda, koti limefungwa hadi shingoni. Nikafurahi kuliko nilivyotarajia. Nikamwendea kwa ubavuni nikasema, "Habari za siku nyingi!"

Hakugeuka.

Nikasimama hapo na mvua yangu, nikaanza kutunga taarifa: amestaafu, kasahaulika, na bado anaringa. Ndipo nikakiona kile alichokuwa amekibana kwapani. Ilikuwa fimbo nyeupe, imekunjwa.

Nikazunguka nikasimama mbele yake. "Mpagazi," nikasema.

Uso wake ulifunguka. "Mcheza ngoma! Mbona unanyemelea watu kama mwizi wa kuku?"

"Nimekusalimia."

"Kwa upande gani?"

"Kushoto."

"Kushoto hakuna mtu siku hizi. Kulia vilevile." Aliinua mkono akakunja vidole hadi vikafanya tundu, akaliweka tundu mbele ya jicho. "Presha ya macho. Inakula pembeni kwanza. Hapa katikati nimebakiwa na hiki, na chenyewe kina ukungu."

"Tangu lini?"

"Ilianza kabla ya ile nusu fainali yako."

Basi moja lilipita, tukaliacha. Vitu vingi vilikuwa vinajipanga upya kichwani mwangu, kwa aibu, kimoja kimoja: chai ya Abdi, gari, goti lililohama kila alipojikwaa kwa asichokiona.

"Mbona hukusema?"

"Mngenihurumia. Kipa akihurumiwa, washambuliaji wanapiga mashuti polepole. Bora niitwe mwenye kuringa. Na nilizipenda zile Jumapili."

"Sasa mipira uliionaje?"

"Sikuiona. Si ulikuwa unawaambia? Mwaka baada ya mwaka unaapa hakuuona, hakuuona, nami nakunywa chai nasema huyu mtu siku moja watamsikiliza." Alicheka. "Kwenye tundu langu nilikuweka wewe. Mgongo wako. Mpira ukiwa kushoto, bega lako la kushoto linapanda. Ukiwa mbali, unajikuna shingo. Ukikaribia, unaanza kurudi nyuma. Na shuti likipigwa kweli kweli, unakimbia. Pale unapopakimbia ndipo ninaporuka mimi. Miaka yote hiyo hukunidanganya hata mara moja."

"Mchungaji alitaka kuniweka benchi."

"Angenimaliza! Beki mzuri anasimama, mtani. Yule kijana wake angesimama imara kama mlingoti, nami nyuma yake nisingejua dunia iko wapi."

Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Hakuuona ule mpira. Ni jambo pekee nililowahi kuliona vizuri uwanjani, nikalielewa vibaya kuliko mtu yeyote, na kulibandika ukutani chini ya bei ya sambusa.

Mvua iliongezeka. Kipa alijisogeza ili mimi pia nipate kibanda, akanigeuzia uso, akainamisha kichwa kidogo hadi akanipata kwenye tundu lake.

"Haya," akasema. "Ukumbi hakuna. Mchungaji hayupo. Nijibu sasa. Mimi nitakwenda na wewe utakwenda, na sitaki kuondoka na maneno ya safina. Nilikuwa kipa?"

Nilikuwa na maneno yote. Yalinijaa kifuani yakisukumana mlangoni kama watu wanaotoka kanisani. Lakini alikuwa amesimama pale mzima, mabega yake mapana, hajafa, na sanda hakuna aliyeiagiza.

"Tulikukuza," nikamwambia. "Tulikukuza kupita kiasi, mpagazi wewe. Timu nzima tuliamini una macho."

Akacheka, kile kicheko cha kwenye magoti mbele ya keki, akacheka mpaka akapapasa nguzo ya kibanda, akaidaka kwa mikono miwili, barabara, bila kuiacha iponyoke.

"Basi," akasema alipopata pumzi. "Imetosha. Twende kwa Abdi ukaninunulie chai."

Basi likatokea kwenye kona. Nilimgusa kiwiko, nikasema, "Hili hapa, twende!" nikatangulia mbio kwenye mvua na mkono juu. Dereva akafungua mlango. Nikageuka. Kipa hakuwa amesogea hata hatua moja.

"Hilo si letu," akasema kutoka kibandani.

Nikarudi nyuma nikasoma maandishi ya mbele. Lilikuwa linakwenda upande mwingine wa mji kabisa. Nikamwomba dereva radhi, akafunga mlango, akaondoka.

"Umejuaje?" nikamwuliza.

"Umelikimbilia."